Sumukuvu: Somo la Mwaka 2016 kwa Watu wa Pwani

Katikati ya mwaka 2016, watu wa baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuumwa tumbo, kutapika na kugeuka manjano macho. Kwa muda maradhi hayo hayakuwa na jina. Uchunguzi ulibainisha kuwa ni sumukuvu, nayo ilikuwamo katika mahindi ya akiba yao wenyewe. Wagonjwa walikuwa 68, 20 wakafariki. Nchini Kenya, mwaka 2004, waliugua 317 na kufa 125, wengi wao Makueni na Kitui.

Msomaji wa Kigombe aweza kuuliza yanamhusu nini mvuvi mambo ya wakulima wa bara. Yanamhusu, kwa kuwa ugali hauvuliwi baharini. Unga wa dukani mara nyingi umetoka mbali, na anayeununua hajui mahindi yake yalikaushwaje. Tena joto na unyevu wa pwani ndivyo vinavyomstawisha kuvu aitwaye Aspergillus, awe katika mahindi, karanga, makopa au mbata.

Sumu yenyewe ni kemikali isiyoonekana, na moto wa jikoni hauimalizi. Kuchambua punje zilizovunjika au zenye ukungu, kisha kukoboa, hupunguza sehemu kubwa. Mahindi mabovu asipewe ng'ombe: sumu humrudia mtu ndani ya maziwa.

Kwa mhudumu wa zahanati, hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Tunachoweza ni kulihudumia ini linaloshindwa, na kuwahi kuwazuia wengine wasile chakula kilekile. Kwa hiyo umanjano ukionekana kwa zaidi ya mmoja katika nyumba moja, hasa watoto, usiishie kuandika homa ya ini. Uliza wamekula nini, kimetoka wapi, na nani mwingine amenunua hapo. Pima pia virusi vya homa ya ini B, maana vikikutana na sumukuvu ya miaka mingi hatari ya saratani ya ini huongezeka mno. (Ndiyo sababu mojawapo ya kutokosa chanjo ya mtoto ya wiki 6, 10 na 14.)

Toa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyohiyo. Mahindi au unga uliobaki usitupwe kabla sampuli haijachukuliwa. Uwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwani ndani ya plastiki unyevu hubaki na kuvu huendelea kuzalisha sumu.