Kabla Hujainuka Kitini: Namna ya Kuipima Huduma ya Muuguzi

Katika zahanati nyingi za Tanzania, muuguzi ndiye anayekupokea, na siku nyingine ndiye pekee utakayemwona. Jina lako litaandikwa kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi halmashauri itajua wangapi walihudhuria. Kama ulisikilizwa, rejista haisemi. Hilo unalijua wewe.

Wengi wetu huipima huduma kwa mfuko wa dawa: ukijaa, nesi mzuri, ukitoka mtupu, tumedharauliwa. Kipimo hiki kinapotosha. Mtoto mwenye mafua ya kawaida hahitaji antibayotiki, na muuguzi anayekunyima akakueleza sababu amekuhudumia vizuri kuliko anayekupa ili foleni isogee.

Tuseme mtoto anakohoa. Muuguzi anayefuata mwongozo wa watoto chini ya miaka 5 atauliza kama ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Kisha atamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika 1 kamili, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno na huashiria nimonia. Ikiwa nguo haikufunuliwa na macho ya muuguzi hayakutoka kwenye daftari, pumzi hazikuhesabiwa. Mtoto akiwa na homa pia, apimwe malaria kwanza. Dawa mseto ya malaria baadaye, akikutwa nayo.

Foleni ikiwa ndefu, kinachorukwa kwa urahisi ni maelezo. Usiinuke bila kujua mtoto anaumwa nini, dawa ni kiasi gani na kwa siku ngapi, dalili zipi zikurudishe hata usiku, na marudio ni lini. Muuguzi akikuomba urudie alichosema, usione anakufanya mwanafunzi. Anajipima yeye kama ameeleweka.

Wasimamizi kutoka halmashauri nao hupima: hukaa chumbani wakitazama, hupitia kumbukumbu, huwauliza wagonjwa wanapotoka. Lakini anayetazamwa hujitahidi kuliko siku zote, na mgonjwa akiulizwa kama ameridhika hujibu ndiyo, maana kesho atarudi kwa nesi yuleyule. Basi ukiulizwa, taja kilichotendeka: alinipima presha, hakunieleza dawa ya jioni.

Tenda haki pia. Dawa kuisha au mashine ya presha kuharibika si kosa la muuguzi; peleka hoja hiyo kwa kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi. Matusi ni kosa lake. Mweleze mganga mfawidhi, na jambo likiwa zito lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Sanduku la maoni lipo kwa ajili yako. Andika tarehe, saa na kilichotokea. Na aliyekuhudumia vema, mwandike pia.