Tusijidanganye: si kila butura ni ya shida

SISI wa Kibeta, manispaa ya Bukoba, wengi tunaishi mjini lakini kibanja kiko kijijini, na ndani yake mna migomba na mibuni. Kwa hiyo neno butura halihitaji mkalimani. Ni kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa fedha zinatakiwa leo.

Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika. Hata hivyo butura haikufa, maana hufanyika kwa siri baina ya watu wawili walioridhiana.

Ukimuuliza muuzaji sababu, atakujibu neno moja tu: "Shida." Mara nyingine ni kweli kabisa. Mwenye mtoto mahututi hawezi kuambiwa asubiri msimu. Huyo hatumlaumu. Lakini je, kila butura ni ya mgonjwa?

Nami nimo. Niliwahi kuuza butura nikaiambia familia, na nikajiambia mwenyewe, kwamba ni ada ya shule. Siku nilipoandika matumizi kwenye daftari, niliona ada ilichukua nusu. Nusu nyingine niliitoa mchango wa harusi, nisionekane sina. Ile haikuwa shida. Ilikuwa aibu iliyovaa joho la shida.

Tufanye hesabu. Tuseme gunia umelitoa kwa shilingi 40,000, na msimu ulipofika likauzwa 100,000. Kwa magunia matano umepoteza 300,000. Mlanguzi ana dhambi yake, hilo halina ubishi. Lakini ukimlaumu yeye peke yake, mwakani utarudi kwake, kwani mtu hawezi kurekebisha kosa alilokataa kuwa ni lake.

Kujifanyia muhasaba si kujitukana. Ni kuliita jambo kwa jina lake. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Basi kabla hujamwita mnunuzi kibanjani, chukua daftari uandike fedha hizo ni za nini hasa. Ikiwa ni ugonjwa au ada, anza kwa jamaa, ushirika au kikundi cha kuweka na kukopa. Ikiwa ni kuogopa macho ya watu, ifute. Dawa ya aibu haiuzwi na mlanguzi.