"Ameacha Mjane na Watoto": Nani Hulipia Ukarimu wa Baba?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Tunduma, nikahudhuria mazishi ya mzee mmoja wa jumuiya yetu. Watu walijaa hadi wengine wakasimama nje ya turubai, juani. Wasifu wa marehemu ulikuwa mrefu: alisomesha watoto wa wenzake, alichangia ujenzi wa kigango, na madereva wa malori waliokwama mpakani walikula kwake. Mwisho kabisa msomaji akasema, "Ameacha mjane na watoto," akakunja karatasi. Basi.

Mimi nikabaki najiuliza: kile chakula cha madereva, nani alikuwa anakipika?

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Tulitazame kupitia maisha ya mtu tunayemjua wote, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

1. Mwalimu, mume na baba

Tumezoea kumtaja kama Baba wa Taifa. Leo tumtazame kama baba wa familia. Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake Mwalimu, Mgaya, alikuwa wa tano. Kijana Kambarage alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel. Mke mmoja, hadi kifo. Mungu aliwajalia watoto 8.

Mwaka 1955 alikuwa anafundisha Pugu. Ikabidi achague: ualimu au siasa za kudai uhuru. Akaacha kazi. Yaani mshahara ukakatika, na nyumbani kuna watoto wadogo. Mama Maria akaendesha duka dogo ili maisha yaendelee. Sisi tunasema "Nyerere alijitoa", na ni kweli. Ila siku ile hakujitoa peke yake. Nyumba nzima ilijitoa.

Alipokuwa Rais, mwaka 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Hapo pia, jamani, mshahara wa baba ukipungua, sufuria ya nani inahisi?

Na sisi wa Songwe hatuhitaji kufika Butiama ili kuona matunda ya moyo ule. Reli ya TAZARA inavuka hapa hapa Tunduma kuingia Zambia. Ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Zambia haina bahari, na njia zake za kusini zilipita kwenye nchi za utawala wa kibaguzi. Nchi yetu, maskini kama ilivyokuwa, ilikubali kubeba deni pamoja na jirani ili apate njia.

Hatusemi hakukosea. Kuhamishia watu kwenye vijiji miaka ya 1970 kuliumiza wengi, na wengine walihamishwa kwa nguvu. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, na Kanisa bado linapima maisha yake. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77, akazikwa kwao Butiama.

2. Turudi kwenye Maandiko

Fungua Tobiti 2:11-14. Tobiti alikuwa mkarimu kweli kweli: alilisha wenye njaa na kuzika wafu waliotupwa. Alipopofuka, mke wake Ana akaanza kufuma nguo kwa ujira. Siku moja waajiri wakamzidishia mwana-mbuzi. Tobiti, aliyekuwa akiwasaidia maskini, akakataa kumwamini mke wake, akadhani mbuzi ameibwa. Ana akamjibu kwa uchungu: hayo matendo yako mema yako wapi sasa?

Biblia haikuificha aibu hiyo. Mtu anaweza kuwa malaika barabarani, akasahau shukrani mezani kwake. Soma pia 1 Timotheo 5:8, halafu Luka 10:25-37. Maandiko haya hayapingani. Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba upendo una mpangilio: tunawajibika kwanza kwa walio karibu nasi, ila mwenye shida kubwa sana anaweza kutangulizwa. Ndiyo maana ukarimu unahitaji busara, na busara nyumbani huanza kwa kuongea.

3. Tunajifunza nini?

*Kwanza, kutoa kuanzie nyumbani.* Anayenunulia kijiwe kizima soda wakati mtoto wake amerudishwa shule kwa kukosa daftari, huyo ananunua sifa.

*Pili, kutoa kuwe kwa makubaliano.* Kesho yake nilikwenda kumsalimia yule mjane. "Shikamoo, mama. Pole sana." Tukaongea, nikamuuliza kuhusu wale madereva. Akatabasamu kidogo. "Unga ulikuwa unaisha haraka, mwanangu. Lakini mzee alikuwa ananiuliza kwanza. Siku nikisema hapana, ilikuwa hapana." Kwa kweli, sentensi hiyo ilistahili kuwemo kwenye wasifu.

*Tatu, tuwataje waliolipia.* Tukimshukuru mkarimu, tumshukuru na mwenzake aliyepunguza chakula chake ili mgeni ale.

Maswali ya tafakari

1. Nani nyumbani kwenu alilipia wema ambao mwingine alisifiwa?
2. Mara ya mwisho ulipoahidi mchango kwenye grupu, uliwauliza wa nyumbani?
3. Wiki hii utamshukuru nani, na kwa maneno gani?

Sala

Ee Baba mwema, tunakushukuru kwa wazazi waliofungua milango yao. Wapumzishe kwa amani waliotangulia, uwafariji wajane na watoto wao. Utujalie mikono inayotoa na macho yanayowaona walio karibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tuko pamoja. Ukimaliza kusoma, mpigie mama simu.