Bafwasende na Uchumi wa Kidijitali: Maswali na Majibu Kuhusu Teknolojia ya Habari na Pato la Taifa

Tasnia ya teknolojia ya habari, yaani jumla ya kampuni za simu, watoa huduma za intaneti, watengenezaji wa programu na wamiliki wa mitambo ya kuhifadhi data, kwa kawaida hupimwa kwa takwimu zinazokusanywa katika miji mikuu. Majibu yanayofuata yanaipima kutoka Bafwasende, teritware kubwa kuliko zote saba za jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye eneo linaloizidi nchi nzima ya Rwanda. Bafwasende ni eneo la misitu, dhahabu na almasi, na makao yake makuu yako kando ya Barabara ya Taifa nambari 4, kilomita zipatazo 260 mashariki mwa Kisangani.

Tasnia hii huchangia uchumi wa taifa kwa njia zipi?

Wachumi hutofautisha mchango wa moja kwa moja na mchango unaopitia sekta nyingine. Mchango wa moja kwa moja ni mishahara, faida na kodi za kampuni zenyewe. Huko Kongo mchango huo ulianza mwaka 1986, Telecel ilipoanzisha Kinshasa mojawapo ya mitandao ya kwanza ya simu za mkononi barani Afrika, ukapanuka baada ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2002, ambayo iliweka misingi ya soko la kampuni nyingi. Mchango wa pili ndio mkubwa zaidi, ingawa ni mgumu kuhesabika, kwa kuwa unatokana na muda na gharama ambazo mkulima, mfanyabiashara, mwalimu na mganga huokoa kila wanapopata habari au fedha bila kusafiri. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na kampuni za simu zenye mapato makubwa huku uchumi wake ukinufaika kidogo, ikiwa huduma hizo hazijawafikia wale ambao umbali unawagharimu zaidi.

Simu hubadilisha nini katika biashara ya mahali kama Bafwasende?

Hupunguza tofauti ya bei isiyo na sababu. Pale ambapo muuzaji hajui bei ya soko la mbali, mnunuzi anayeijua ndiye anayepanga bei, na faida yote ya kujua hubaki mkononi mwake. Utafiti uliofanywa nchini Niger na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuenea kwa simu za mkononi kulipunguza tofauti ya bei za nafaka kati ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Kwa kanuni hiyo hiyo, mchimbaji mdogo wa dhahabu anayeweza kuulizia bei ya Kisangani kabla ya kuuza ana nguvu ya kujadiliana ambayo hapo awali hakuwa nayo, na mkulima wa mpunga vilevile.

Hata hivyo, habari hainyanyui gunia. Mvua inapoigeuza barabara kuwa matope na malori yakakwama, mkulima huijua bei ya Kisangani bila kuweza kuifikia. Ndiyo maana teknolojia ya habari haichukui nafasi ya barabara, bali huongeza thamani ya barabara iliyopo.

Fedha za simu zina uzito gani katika mfumo huo?

Katika eneo ambalo benki ni chache, huduma ya kutuma na kutunza fedha kwa simu ndiyo benki ya watu wengi. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na kuingia Kongo mwaka 2012. Watafiti waliofuatilia kaya za Kenya walikadiria, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, kuwa huduma hiyo iliziondoa katika umaskini kaya zipatazo 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo.

Utendaji wake ni mwepesi kueleweka. Mchuuzi wa Bafwasende anayeagiza chumvi na sabuni humkabidhi wakala noti, na wakala humhamishia salio la kielektroni la kiasi hicho hicho. Kisha mchuuzi huandika namba ya mwenye duka wa Kisangani pamoja na namba ya siri ya kwake mwenyewe, na ujumbe wa uthibitisho unapoingia mzigo hupakiwa bila mtu yeyote kupita msituni na bunda la fedha. Udhaifu wake hujitokeza upande wa pili, pale wateja wengi wanapotaka kutoa fedha siku moja na noti zikamwishia wakala. Mwalimu ambaye mshahara wake umekwisha kuingia kwenye simu hulazimika kusubiri, au kukubali kukatwa zaidi ya ada iliyowekwa. Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kulipa mishahara ya watumishi wa umma kupitia akaunti, suala la noti kufika kwa wakala wa mbali limekuwa suala la haki ya mtumishi, si la biashara peke yake.

Kwa nini mtandao unachelewa kufika vijijini?

Sababu ya kwanza ni umeme. Kituo cha umeme cha maporomoko ya Tshopo kilijengwa Kisangani katika miaka ya 1950, lakini nyaya zake hazikusambaa hadi ndani ya jimbo, na mnara uliosimamishwa msituni huhitaji jenereta yenye dizeli inayosafirishwa kwa barabara ile ile mbovu, au paneli za jua na betri ambazo gharama yake ya mwanzo ni kubwa. Sababu ya pili ni uchache wa wateja waliotawanyika katika eneo pana, kiasi kwamba mapato ya mnara mmoja huenda yasifidie matumizi yake. Sababu ya tatu ni jiografia: mkongo wa baharini wa WACS ulizinduliwa Muanda, pwani ya magharibi, mwaka 2013, na kutoka hapo data husafiri umbali mrefu mno kabla ya kumfikia mtumiaji wa mashariki. Leseni ambayo Starlink ilipewa mwaka 2025 imefungua njia ya setilaiti, lakini bei ya kifaa chake inazidi uwezo wa kaya nyingi za vijijini, hivyo manufaa yake ya karibu yatakuwa kwa shule, hospitali na vikundi vinavyoweza kuchangia gharama.

Je, madini hayaifanyi Kongo kuwa mshiriki mkuu wa tasnia hii duniani?

Kwa wingi wa malighafi, ndiyo. Kwa mapato, bado. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, ambayo hutumika katika betri, hutoka Kongo, na nchi hiyo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa koltani, madini ambayo hutoa tantali ya vifaa vya kielektroni. Hata dhahabu, ambayo Bafwasende huchimba, hutumika katika viunganishi vya saketi. Lakini thamani iliyoongezwa, yaani tofauti kati ya bei ya bidhaa iliyotengenezwa na gharama ya malighafi zake, hupatikana kwenye usafishaji, usanifu na utengenezaji, kazi ambazo kwa sehemu kubwa hufanyika ng'ambo. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha kwa miezi kadhaa usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, kisha ikaweka viwango maalumu, hatua iliyolenga bei. Ujenzi wa viwanda na ujuzi wa kuviendesha ni kazi nyingine inayohitaji muda mrefu zaidi.

Kodi za sekta hii zitumikeje?

Tozo ya usajili wa vifaa vya simu, maarufu kwa jina la RAM, inatoa funzo. Ilianza mwaka 2020, ikawa inakatwa kwenye salio la mtumiaji hadi kufikia dola 7 kwa mwaka kwa simu za kisasa, na ikafutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko makubwa, kwa sababu wananchi walikatwa fedha bila kuona huduma iliyoboreka. Kinyume chake, sheria ya mwaka 2020 ya mawasiliano iliweka mfuko wa maendeleo ya huduma kwa wote, ambao lengo lake ni kugharimia mtandao pale ambapo biashara peke yake haiwezi. Fedha za mfuko huo zikitangazwa hadharani pamoja na orodha ya minara iliyojengwa kwa kila teritware, mlipa kodi atapata njia ya kuhakiki anachodaiwa.

Kipi kitangulie?

Nishati ya jua na minara katika vituo vya biashara na machimbo vitangulie, vikifuatana na ukarabati wa barabara, kwa kuwa kimoja bila kingine hupoteza nusu ya faida yake. Wakati huo huo, Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina nafasi ya kuandaa mafundi wa mitambo na waandishi wa programu zinazotumia Kiswahili na Lingala, ili fedha za matengenezo zibaki jimboni. Teknolojia ya habari itakuwa imeujenga uchumi wa taifa siku ambayo mkulima wa Bafwasende atauza kwa bei anayoijua, atalipwa kwa wakati na kuzitoa fedha zake mahali anapoishi. Hadi hapo, takwimu za ukuaji zinazotangazwa Kinshasa zinaeleza sehemu tu ya nchi.