Vitabu vya Ukomavu wa Mtu na Biashara

Swali: Je, vitabu vya kujiendeleza na vya biashara vinamfaa kweli mfanyabiashara mdogo, na visomwe vipi?

Jibu: Vitabu hivi ni vya aina mbili. Vya kwanza hushughulikia tabia. Stephen Covey, katika The 7 Habits of Highly Effective People (1989), anaueleza ukomavu kama safari ya kutoka kumtegemea mwingine, kupitia kujitegemea, hadi kutegemeana. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu zaidi: mwenye duka asiyeweza kumwachia msaidizi droo ya fedha hajaifikia, hata mauzo yakipanda.

Vya pili huchambua kampuni, na hapa tahadhari inahitajika sana. Jim Collins, katika Good to Great (2001), alizisifu kampuni 11 za Marekani ambazo hisa zake zilikuwa zimepanda kupita soko. Mwaka 2008 mojawapo, Circuit City, ilifilisika. Nyingine, Fannie Mae, iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali. Utafiti ulikuwa wa bidii, ila kampuni zilichaguliwa kwa matokeo yaliyokwisha kuonekana, kisha sababu zikatafutwa. Waliofuata njia za kampuni hizo wakaanguka ni rahisi kusahaulika.

Msomaji makini huuliza ushahidi umetoka wapi, na kama masharti ya mwandishi, hasa mtaji, sheria na mikopo, yapo pia sokoni kwake. Kisha huchagua wazo moja, hulijaribu kwa miezi kadhaa na kupima matokeo katika daftari la mauzo kabla ya kufungua kitabu kingine.