Mjamzito, usijinyime maji kwa sababu ya choo

Ploti nyingi za mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, zina choo kimoja au viwili kwa wapangaji wa koridoo nzima. Alfajiri foleni imeshajipanga, kila mtu na ndoo yake ya maji, na katikati yake amesimama mama mwenye mimba ya miezi minne, amebana miguu. Akiingia, mkojo unatoka matone kisha unakataa. Nje mlango unagongwa. Anatoka na kibofu kikiwa bado kimejaa, na kabla hajafika chumbani kwake haja imemrudia. Usiku ni taabu zaidi, maana taa ya koridoo imezimwa na kwenda peke yake anaogopa. Wengi wakifika hapo huamua kupunguza maji ya kunywa. Nianze na kosa hilo, kwa sababu ndilo huzaa mengine.

Mkojo mchache huwa mzito na huchoma. Homoni za ujauzito nazo zimeshalegeza mirija inayotoka kwenye figo, kwa hiyo mkojo unasafiri polepole na vijidudu vinapata muda wa kuzaana. Ukijinyima maji unavizidishia nafasi. Kunywa glasi nane hadi kumi kwa siku, nyingi zikiwa asubuhi na mchana, kisha upunguze saa mbili hivi kabla ya kulala. Mkojo ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha. Maji ya mtungi yachemshe au yatie dawa kwanza.

Kwa usiku, nunua ndoo ndogo yenye mfuniko, iwe ya kazi hiyo tu. Asubuhi imwage chooni na uisuuze kwa maji yenye Jik. Usione aibu, na mume asione aibu kukumwagia. Kubana mkojo mpaka kupambazuke ni hatari kuliko maneno ya majirani.

Ukiwa chooni, namna ya kukaa ina maana sana. Wanawake wengi huning'inia juu ya kiti bila kukigusa kwa kuhofia uchafu, na misuli ya nyonga iliyokaza hivyo haiufungulii mkojo vizuri. Panguza kiti, kaa kabisa, nyayo zote chini, kisha inama mbele mpaka viwiko viguse magoti. Kuinama huko husaidia kupunguza mgandamizo wa tumbo la uzazi juu ya kibofu. Kama choo ni cha shimo, chuchumaa hadi chini na ushike ukuta. Vuta pumzi, itoe taratibu, usijikamue. Maji ya uvuguvugu ukijimwagia sehemu za siri husaidia misuli kulegea. Mkojo ukikatika usiondoke bado: simama, zungusha kiuno, subiri kama dakika moja, kisha kaa tena. Mara nyingi uliobaki utatoka. Tumbo likishakuwa kubwa, liinue kidogo kwa mikono miwili unapokojoa. Na anayegonga mlango, mwache agonge.

Angalia pia haja kubwa. Choo kigumu hukibana kibofu kwa nyuma, na vidonge vya madini ya chuma tunavyopewa kliniki huweza kukikausha choo. Usiviache. Ongeza sukuma wiki, managu, maharagwe na papai, na umweleze nesi akushauri.

Kukojoa mara kwa mara bila maumivu ni hali ya kawaida, hasa miezi mitatu ya kwanza na ile ya mwisho. Lakini mkojo ukichoma, ukinuka vibaya, ukiwa na ukungu au damu, au tumbo likiuma chini ya kitovu, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), na dawa yake ni ya kupimiwa. Hapa nawasihi dada zangu: usiingie kemisti ukaomba tembe mbili tatu. Ciprofloxacin na doxycycline, ambazo wengi huzinunua kwa mazoea, si za kujinunulia ukiwa mjamzito. Nenda kliniki utoe mkojo wa katikati: wa kwanza uache upite, kisha kinga chupa. Ukiandikiwa dozi, imalize hata kama nafuu imekuja siku ya pili. UTI isiyotibiwa hupanda hadi kwenye figo na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Wakati mwingine haina dalili yoyote, na ndiyo maana mkojo hupimwa kliniki hata ukijisikia mzima. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe angalau mara nane, mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijaisha. Kutoka Lucky Summer, kituo cha afya cha Baba Dogo hakiko mbali.

Kuna hali moja ambayo haizungumzwi sana, nami nataka kila mama aijue. Wanawake wengine kizazi chao kimeinama nyuma. Kwa kawaida mimba ikikua kinajiinua chenyewe kutoka ndani ya nyonga. Mara chache hunasa humo, hasa kati ya mwezi wa tatu na wa nne, kikaubana mrija wa mkojo. Mama hubanwa na haja kali lakini hakuna kitu, au hutokwa na matone yasiyokatika na kudhani anakojoa, kumbe kibofu kinafurika. Uvimbe kwenye kizazi nao unaweza kuleta hali hiyohiyo. Hapo kuinama na maji ya uvuguvugu havitoshi, wala usiongeze maji ya kunywa. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari au nesi ataingiza mpira mwembamba wa kutolea mkojo, na nafuu huja ndani ya dakika chache. Kisha watatafuta chanzo.

Nenda upesi vilevile ukiwa na homa na kutetemeka, maumivu ya mgongo upande wa figo, au kutapika. Na mkojo ukipungua huku kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba. Usingoje asubuhi. Hospitali za Mama Lucy Kibaki na Pumwani hupokea wajawazito usiku na mchana. Weka namba ya mwenye gari unayemwamini kwenye simu yako sasa, kabla hujaihitaji, na kama hujajisajili kwenye bima ya afya ya SHA piga *147#.

Keateka wa ploti, washa taa ya koridoo usiku. Nawe uliye mbele ya mjamzito kwenye foleni ya asubuhi, mpishe, na akiingia usimgongee mlango.