Kabla ya Kubonyeza "Kubali"



Somo letu la leo lahusu jambo linalovunja amani katika nyumba zetu za Kitui na Makueni: deni ambalo mume au mke amelichukua kwenye simu bila mwenzake kujua. Tuone kwanza linavyoingia.

Vipimo vingi, macho mawili

Katika soko la Wote au la Mwingi, ndengu hupimwa kwa gorogoro. Kipimo ni kimoja, hivyo mama hujua upesi ni nani anauza ghali. Kwenye simu sivyo. M-Shwari, ilipoanza Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hutoza kwa siku. Bando za intaneti nazo ni za saa, za siku, za wiki na za mwezi. Kila moja ina kipimo chake, na kulinganisha ni kazi ngumu.

Mwaka 2000, wataalamu Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha utafiti waliofanya katika duka moja huko California, Marekani. Kati ya wateja waliosimama kwenye meza yenye aina 24 za jamu, walionunua walikuwa 3 tu katika kila 100. Meza ilipokuwa na aina 6, walinunua 30 katika kila 100. Wingi wa vitu vya kuchagua unaweza kumchosha mtu.

Wako wanaobuni kurasa za simu ili kutumia uchovu huo. Hukupa orodha ndefu, kisha huweka kitufe kimoja kikubwa chenye rangi: "Pata pesa sasa". Masharti yako chini, kwa herufi ndogo. Aliyechoka hubonyeza kile kikubwa, akidhani amechagua mwenyewe.

Deni dogo, siri kubwa

Tuchukue mfano. Ni Januari, shule zinafunguliwa, na ndengu bado ziko shambani. Usiku, mama akiwa amelala, baba anakopa shilingi 1,000 za sare ya mtoto. Kwa ada ya asilimia 7.5 atalipa 75 zaidi. Akikopa tena kila mwezi, kwa mwaka ada zitafika 900, karibu sawa na mkopo wenyewe. Mama anaona tu kwamba fedha za ndengu hazikufika nyumbani, naye anaanza kushuku kuna mwanamke mwingine. Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Tufanye nini?

1. Amueni kabla ya kushika simu. Bwana Yesu alitufundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama (Lk 14:28). Kaeni wawili, mwandike mnachohitaji.

2. Tafuteni gorogoro moja. Kwa kila mkopo ulizeni: tutarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na lini? Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni na wamweleze mkopaji gharama kabla hajakubali. Jibu lisipoonekana, msibonyeze.

3. Asikope mmoja peke yake. Jambo la usiku lingoje asubuhi, mzungumze akili zikiwa zimetulia.

4. Mwenye deni la siri aliseme juma hili. Naye anayeambiwa asifoke, maana akifoka, deni lijalo litafichwa zaidi.

Mbele ya altare mlisema "ndiyo" mkitazamana, na mashahidi wakisikia. Hata "ndiyo" ya kwenye simu yafaa isemwe na wawili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, mwenzangu anajua madeni yangu yote?
2. Ni nini hutufanya tuogope kuambiana habari za fedha?